Nani Aliyetuzimia Taa? Historia Fupi ya Jioni ya Soko, na Somo Lake kwa Chebunyo



Mwezi huu wa Ramadhan saa zetu zimegeuka. Mchana tumetulia, na uhai wa nyumba unaanza jua likizama. Mtu wa Mombasa au Lamu akishafuturu na kuswali tarawehe, akitoka nje anakuta mtaa umechangamka. Kuna kahawa tungu, kaimati, mkate wa sinia na viazi vya rojo, na watoto wanakimbizana mpaka usiku mkubwa. Mwuzaji anapata riziki, na mzee anapata mahali pa kukaa na wenzake.

Sasa tuje bara. Chukua kituo cha soko kama Chebunyo, kule Chepalungu katika kaunti ya Bomet. Katika miji midogo ya aina hii, ikifika saa mbili usiku maduka mengi yamefungwa na mama mboga amekwisha kufunga gunia lake. Mara nyingi panapobaki taa na muziki ni kwenye baa. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa, "Ndivyo bara ilivyo, watu hulala mapema."

Mimi nasoma historia chuoni, na kwa heshima zote nalipinga jibu hilo. Giza la sokoni si tabia ya watu. Lina historia, lina sababu, na kwa hivyo lina dawa. Tufuatane pole pole.

STIMA ILIPITA WAPI?

Tuanze na taa yenyewe. Zanzibar, jumba la Beit al-Ajaib alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 linatajwa kuwa jengo la kwanza kisiwani kupata stima. Kenya, mwaka 1908 zilikuwepo kampuni mbili za stima, moja Mombasa na nyingine Nairobi. Mwaka 1922 ziliungana zikawa East African Power and Lighting, ambayo mwaka 1983 iligeuzwa jina kuwa Kenya Power and Lighting, na leo tunaijua kama Kenya Power. Utaona kwamba stima ilianzia kwa mfalme, ikaenda bandarini, kisha mahali alipokaa mzungu na mfanyabiashara mkubwa. Soko la kijijini halikuwemo kwenye hesabu.

Nchi ya chai inatupa mfano ulio wazi zaidi. Katikati ya miaka ya 1920, makampuni makubwa, Brooke Bond na African Highlands, yalianza kupanda chai kwenye vilima vya Kericho. Baadaye yalijenga mitambo yao wenyewe ya kuzalisha umeme kwa maji ya mito ya huko huko. Kiwanda cha chai hakiwezi kungoja asubuhi. Jani likishachumwa halina subira, lazima linyaushwe, lisagwe na kukaushwa kabla halijaharibika, na msimu ukipamba moto mashine hunguruma usiku kucha. Basi yule anayesema watu wa bara hawajui kazi ya usiku, amwulize mfanyakazi wa kiwanda cha chai aliyeingia zamu saa mbili usiku na kutoka alfajiri!

Kumbe kazi ya usiku ilikuwepo tangu zamani. Kilichokosekana ni taa kuvuka ua wa kiwanda na kufika sokoni. Ndani ya shamba kulikuwa na mwanga, na nje yake mama aliuza ndizi zake kwa koroboi.

Hali hii ilikaa miaka mingi hata baada ya uhuru. Mabadiliko makubwa yalikuja pale serikali ilipounda Mamlaka ya Kusambaza Umeme Vijijini kwa sheria ya mwaka 2006. Mamlaka hiyo ilitanguliza vituo vya soko, shule za upili na vituo vya afya. Mwaka 2015 ukaja mradi wa kuwaunganisha wanaokaa karibu na transfoma, na ada ya kuunganishwa ikateremka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Ndipo masoko mengi madogo yakapata kinyozi wa mashine, fundi wa kuchomelea, soda baridi na mahali pa kuchajia simu. Serikali kuu na kaunti nazo zikasimamisha zile taa ndefu za mnara ambazo wananchi waliziita "mulika mwizi".

Lakini mnara peke yake haujatosha. Kila mmoja wetu anajua soko ambalo mulika mwizi imesimama kama mnazi uliokauka, eti balbu imeungua au bili haijalipwa. Anayepita chini yake usiku hutegemea tochi ya simu yake.

MLANGO ULIFUNGWA KWA SHERIA

Sababu ya pili ni sheria. Enzi ya ukoloni, Mwafrika aliyetembea mjini usiku alitakiwa awe na kibali. Jioni ilipoingia alihesabiwa kama mtu aliyepitisha muda wake, arudi alikotoka. Wakati wa hali ya hatari, kuanzia Oktoba 1952 hadi Januari 1960, watu wa Nairobi na mkoa wa Kati walionja kafyu yenye bunduki. Mtu aliyelelewa hivyo humfundisha mwanawe kuogopa usiku, na mwana humfundisha mjukuu.

Pamoja na hayo, kuna starehe moja ambayo serikali yenyewe iliiwekea mahali. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, baraza la mji wa Nairobi lilijichukulia haki ya kuwauzia Waafrika pombe ya kienyeji, likafungua ukumbi wa pombe Pumwani. Utaratibu huo waliuiga kutoka Durban, Afrika Kusini. Faida yake ilitumika kugharimia huduma za mitaa ya Waafrika. Yaani mnyonge alikunywa, kisha pesa yake hiyo hiyo ikamjengea mtaa! Na Pumwani, kama mnavyojua, ni mtaa ambao Waislamu walikuwa wengi tangu mwanzo wake.

Hesabu hiyo haijafutika. Mwaka 2010 ilipitishwa sheria ya kudhibiti vileo, ile iliyoitwa "sheria ya Mututho". Ilisema baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni mpaka saa tano usiku siku za kazi. Nia ilikuwa njema, kuwazuia watu wasilewe mchana, na kwa hilo tunaishukuru. Lakini tazama kilichotokea. Jioni ya baa ilipata saa zake kamili zilizoandikwa na bunge. Jioni ya mama mboga, ya mchoma mahindi na ya mwuza chai ya maziwa haikuandikwa na mtu. Haina saa, haina mahali, haina choo wala askari. Kijana wa soko dogo akimaliza kazi zake na kutaka kukaa na wenzake, mahali penye kiti na taa ni pamoja tu. Tunamlaumu kwa kuingia, lakini hatujamwonyesha pengine pa kwenda.

SOMO LA KAFYU

Thamani ya kitu huonekana kinapoondoka. Tarehe 27 Machi 2020, kwa sababu ya korona, Kenya iliingia kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Ramadhan ya mwaka ule misikiti ilikuwa imefungwa, na tarawehe tuliziswali majumbani. Hilo sote tunalikumbuka. Ambalo wengi hatukulihesabu ni lile lililotokea sokoni.

Sehemu zetu hizi jua huzama kati ya karibu saa kumi na mbili na nusu na karibu saa moja. Mtu anayefanya kazi ya shamba, ya kiwanda au ya boda boda hupata pesa mkononi jioni, na ndiyo saa anayonunua sukuma wiki, nyanya, unga na maziwa ya kupeleka nyumbani. Kafyu ya saa moja iliikata saa hiyo hasa. Halafu Juni 2021, nchi nyingine ikiwa imelegezewa, kaunti 13 za magharibi zilirudishiwa kafyu ya saa moja jioni, na Kericho na Bomet zilikuwa miongoni mwao. Iliendelea hadi mwisho wa Julai. Kafyu ya nchi nzima iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021.

Sisemi kafyu ilikuwa kosa, ule ulikuwa ugonjwa na roho za watu zilikuwa hatarini. Ninachosema ni kwamba ilitufunulia jambo. Yale masaa mawili matatu baada ya magharibi, ambayo hayakuwahi kuingia katika mpango wa mtu, ndiyo yaliyokuwa yakilisha nyumba nyingi. Mchuuzi hana mshahara wa mwezi wa kumfidia jioni iliyopotea.

LONDIANI

Na sasa nitaje jambo zito. Ijumaa jioni, tarehe 30 Juni 2023, siku mbili tu baada ya Idd-ul-Adhha, lori lilipoteza mwelekeo katika njia panda ya Londiani, kaunti ya Kericho. Liliwagonga wachuuzi, waendesha boda boda na abiria waliokuwa kando ya barabara kuu. Watu zaidi ya 50 walikufa. Walikuwa watu wa jioni hasa, kila mmoja na gunia lake, na pikipiki yake, na safari yake ya kurudi nyumbani.

Baada ya msiba ule zilitoka amri kwamba wachuuzi waondoke kandokando ya barabara. Ni sawa. Lakini mwanafunzi wa historia lazima aulize: walifikaje pale? Hakuna mama anayependa kuuza viazi hatua mbili kutoka kwenye matairi ya lori. Alifika pale kwa sababu jioni, barabarani ndipo penye mwanga wa taa za magari na ndipo abiria wanaposhukia. Soko lililotengwa kwa ajili yake mara nyingi liko nyuma, na likiingia giza halina mteja. Ukimfukuza barabarani bila kumwashia taa mahali pengine, kesho kutwa atarudi, kwa sababu njaa nayo ina amri zake. Kwa hivyo, ndugu zangu, hili si suala la starehe wala la kupendezesha mji. Ni suala la roho za watu.

WALIOWEZA WALIFANYAJE?

Tusitazame makosa tu. Tuangalie na wale waliofaulu, tuanzie kwetu wenyewe.

Wapokezi wanamtaja Tamim ad-Dari kuwa ndiye aliyeanza kuwasha taa za mafuta katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina. Wakati wa Sayyidna Umar (r.a.) watu wakakusanywa nyuma ya imamu mmoja, Ubayy bin Kaab, kwa swala ya tarawehe. Huyu Umar ndiye tunayemjua kwa kuzunguka mji usiku kuangalia hali za raia wake. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja alimsikia mama akimwambia binti yake atie maji kwenye maziwa ya kuuza, kwani Umar hawaoni. Binti akakataa, akasema ikiwa Umar hatuoni, Mola wake Umar anatuona. Umar alimwoza mwanawe Asim kwa binti huyo, na katika kizazi chao akatoka Umar bin Abdul-Aziz, khalifa aliyejulikana kwa uadilifu wake. Kisa hiki tulifundishwa chuoni kama somo la uaminifu, na ni kweli. Lakini mnaona kwamba ni kisa cha biashara pia? Kuna bidhaa, kuna usiku, na kuna kiongozi anayezunguka kwa miguu yake akijua kwamba giza humshawishi mwuzaji.

Twende Misri. Msafiri Nasir Khusraw alifika huko mwaka 1047. Aliandika kuhusu Soko la Kandili lililokuwa karibu na msikiti wa Amr bin al-As, na kuhusu vichochoro vilivyobanwa na majumba marefu hata taa zikawaka humo muda wote. Alieleza vilevile kwamba mfanyabiashara aliyemdanganya mteja alipandishwa juu ya ngamia, akazungushwa mjini akipiga kengele na kuitangaza hatia yake mwenyewe. Kwa maneno mengine, palipokuwa na taa palikuwa na usimamizi pia.

Karibu na sisi iko Forodhani, Unguja. Bustani ile ilitengenezwa mwaka 1936 kwa jubilii ya Sultan Khalifa, na kwa miaka mingi wachuuzi wamekuwa wakikusanyika pale ikifika magharibi na mishikaki yao, pweza, urojo na juisi ya miwa. Ilipochakaa, mfuko wa Aga Khan wa utamaduni uliikarabati, ikafunguliwa upya mwaka 2009. Ukuta wa bahari ulitengenezwa, taa zikawekwa, na wachuuzi wakarudi wakiwa na mahali pao pa kuuzia. Hawakufukuzwa ili bustani ipendeze. Na starehe yake kubwa ni chakula na upepo wa bahari, baba anakwenda na mkewe na watoto bila wasiwasi.

Ukiviweka visa hivi pamoja, utaona jioni ya soko husimama juu ya mambo matatu: mwanga unaotunzwa, mahali palipotengwa kwa heshima, na uaminifu unaosimamiwa. Likikosekana moja, jioni huanguka mikononi mwa mlevi au mwizi.

CHEBUNYO INA NINI?

Sasa turudi Chebunyo. Watu husikia Bomet wakafikiria chai. Chai lakini hupenda miinuko yenye mvua nyingi. Chepalungu iko upande wa chini, ni pakavu zaidi, na watu wake hutegemea ng'ombe na mahindi. Chebunyo inajulikana kwa ushirika wake wa wafugaji wa maziwa. Hapo ndipo ninapouona mlango.

Ng'ombe hukamwa mara mbili, alfajiri na jioni. Katika sehemu nyingi za Kenya maziwa ya asubuhi ndiyo yanayokusanywa na kupata pesa. Maziwa ya jioni hubaki nyumbani. Mengine yananywewa, mengine yanagandishwa kwenye kibuyu kuwa mursik, na mengine yanalala bila kupozwa na asubuhi yakipimwa yanakataliwa. Maziwa ya joto hayana subira, sawa na jani la chai. Mzungu mwenye shamba la chai alijua hivyo kuhusu jani lake, akajenga kiwanda kinachofanya kazi usiku. Sisi kuhusu maziwa yetu bado tunalala mapema!

Fikiria pokezi la maziwa lenye tangi la kupozea likiwa wazi mpaka saa mbili usiku, siyo asubuhi tu. Mfugaji anakuja na mtungi wake baada ya kukamua, maziwa yanapimwa mbele ya macho yake chini ya taa, na malipo yanaingia kwenye simu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mtu hana haja ya kutembea usiku na noti mfukoni. Yule mfugaji akishafika sokoni atanunua sukari na unga. Mwuza chai na chapati atapata mteja, na mama mboga atakuwa na sababu ya kukaa saa moja zaidi. Jioni ya soko huanza hivyo, kwa kitu kimoja kinacholeta watu kila siku, na vingine hufuata.

Yako mambo ya kuangalia. Vibanda viwe ndani ya uwanja wa soko, mbali na barabara, na taa ianzie huko ili mteja avutwe ndani. Pawe na choo chenye mwanga, maana mwanamke hawezi kufanya biashara ya usiku mahali asipoweza kujisitiri. Waendesha boda boda wa usiku wajulikane kwa majina na wavae koti la kung'aa, kwa sababu Chepalungu imepakana na Trans Mara, na wizi wa mifugo umewafanya watu wa mpaka huo waogope kila mngurumo wa usiku. Na ada wanayotozwa wachuuzi, sehemu yake ijulikane wazi kuwa ni ya balbu na bili. Kamati ya soko ibandike hesabu ukutani. Taa isiyo na mwenyewe haikawii kuzimika.

Wako watakaosema usiku Mungu ameufanya wa mapumziko. Ni kweli kabisa, na sitetei mji usiolala. Soko la Chebunyo halihitaji kukesha. Linahitaji kutoka saa kumi na mbili jioni mpaka saa tatu au saa nne, kisha kila mtu akalale. Hayo ndiyo masaa tuliyonyang'anywa, kwanza na kibali cha mkoloni, halafu na giza, halafu na baa.

NENO KWA VIJANA WENZANGU

Sisi Waislamu ni wachache katika sehemu hizi za Bomet, lakini soko ni la wote, na jirani hatazami dini ya mtu anayemuuzia chai safi kwa kipimo cha haki. Ramadhan imetufunza kuitumia jioni bila ulevi na bila fujo. Ujuzi huo tusiufungie msikitini. Vijana watano wanaweza kuanza na meza moja ya uji, sambusa na chai ya maziwa mahali penye taa, mbali na barabara, na kuifanya jioni baada ya jioni mpaka watu wazoee. Wengine waende kwenye vikao vya wananchi vya bajeti ya kaunti, ambavyo katiba ya 2010 imetupa haki ya kuhudhuria. Huko waulize swali moja tu: taa ya soko letu nani anailipia, na ikizimika nani anaitwa?

Wazee wetu walizimiwa taa wakiwa hawana sauti. Sisi sauti tunayo, na hatuna udhuru wa kukaa gizani.

Mwenyezi Mungu azitakabali saumu zetu, awarehemu waliokufa wakitafuta riziki, na ajaalie jioni za masoko yetu ziwe na amani na baraka. Amin.